Mahindi yanapoota kwa zamu: fukua kwanza, lawama baadaye

Kila mvua za vuli zinapoanza, kwenye maduka ya pembejeo ya hapa Mwanza, kuanzia Misungwi mpaka Magu, kuna neno moja linalotawala mazungumzo: feki. Mtu amepanda ekari mbili za mahindi. Siku ya kumi na mbili anakwenda kukagua, anakuta hapa mche una majani manne, hatua moja mbele mwenzake ana mawili, pale ncha ya kijani ndiyo kwanza inatoboa udongo, na kwingine hakuna kitu. Anabeba kifuko kitupu cha mbegu na kurudi dukani. Muuzaji anaapa, mteja anaapa zaidi, na bodaboda aliyekuja kununua dawa ya kupe anatoa hukumu: "Mbegu za siku hizi ndivyo zilivyo."

Mbegu feki zipo, tusidanganyane. Lakini mbegu mbovu huwa haichagui mahali. Ikiwa ni mbovu, inakosa kuota bondeni na mlimani, mistari ya asubuhi na ya jioni. Shamba likiota vizuri sehemu moja na vibaya sehemu nyingine, na mbegu imetoka kwenye kifuko kilekile, basi kuna kingine kilichobadilika kati ya sehemu hizo mbili.

Nayajua haya kwa sababu na mimi nilishawahi kubeba kifuko. Lilikuwa shamba la familia, upande wa Usagara, na nilimfokea kijana wa dukani mbele za watu. Jioni, hasira zimeshapoa, nikachukua panga nikaenda kufukua. Kwenye mistari iliyoota vizuri, mbegu zilikuwa kina cha vidole vitatu vilivyolazwa. Kwenye mistari yenye mapengo zilikuwa juu juu, kina cha kidole kimoja, zimekauka na ni ngumu vilevile kama siku nilipozinunua. Mistari ile mizuri ilipandwa asubuhi. Ile mibaya ilipandwa saa nane mchana, jua la utosi, vibarua wamechoka, na aliyekuwa anawahimiza wamalize ni mimi. Kesho yake nilirudi dukani kuomba radhi. Kijana alicheka tu, akaniuliza kama nataka mbegu nyingine.

Kuota na kuchomoza

Tunayachanganya maneno haya mawili, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Kuota ni kazi ya chini ya ardhi. Punje ya mahindi inafyonza maji kiasi cha karibu theluthi moja ya uzito wake, inavimba, halafu mzizi wa kwanza unatoka. Kuchomoza ni pale ncha ya mche inapotokeza juu ya udongo na watu wakaiona. Katikati ya hayo mawili kuna safari, na mbegu nyingi zilizoota huishia njiani.

Safari yenyewe iko hivi. Jani la kwanza linapanda likiwa limefunikwa na ala, kama panga ndani ya ala yake, ili lisichanike likipenya udongo. Chini ya ala kuna shingo nyeupe inayorefuka na kuisukuma kwenda juu. Ala ikiguswa na mwanga, shingo inaacha kurefuka, ala inapasuka, jani linatoka. Kwenye joto letu la kandokando ya ziwa, mbegu iliyopandwa vizuri humaliza yote hayo ndani ya siku tano mpaka saba.

Kuota kwa zamu, basi, ni pale miche ya shamba moja, iliyopandwa siku moja, inapochomoza kwa tofauti ya siku nyingi. Tofauti ya siku moja au mbili haina haja ya kukukosesha usingizi. Ikifika wiki, hapo kuna hasara, na si hasara ndogo kama macho yanavyodhani.

Pia pengo na mche uliochelewa si kitu kimoja. Pengo ni mahali pasipo na mche. Mche uliochelewa upo, unakula, unakunywa, ila huenda usizae. Watu wengi huumizwa roho na pengo, wakiona mche uliochelewa wanafarijika kwamba "angalau umetoka". Mimi naona ni kinyume. Jirani wa pengo anapata mwanga na mbolea ya ziada, na gunzi lake huwa kubwa kidogo, kwa hiyo pengo linajifidia nusu nusu. Mche uliochelewa haumfidii mtu. Unachukua maji na mbolea ya wenzake, halafu mwisho wa msimu unakupa gunzi la kidole, au bua tupu. Ni magugu yenye sura ya mahindi.

Kwa nini hauwezi kuwafikia wenzake

Hapa ndipo swali la kila mtu lilipo: umechelewa siku nane tu, kwa nini usikimbie ukawafikia?

Fikiria sinia moja la ugali na dagaa, vijana sita. Watano wamekaa saa moja kamili usiku. Wa sita amechelewa dakika kumi. Ugali ataukuta, lakini dagaa atakuta macho. Shamba ndivyo linavyokula. Mche uliotangulia umeshatandaza majani juu na mizizi chini. Anayekuja nyuma anaanza maisha kwenye kivuli, na mche ulio kivulini unajenga majani machache na mizizi mifupi, hivyo wiki inayofuata anapata mwanga kidogo zaidi kuliko wiki iliyopita. Pengo kati yao linapanuka badala ya kupungua.

Wanaokumbuka kuvuka Kigongo kwenda Busisi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025 hawahitaji maelezo marefu. Ukifika gatini dakika mbili baada ya kivuko kuondoka, hukuchelewa dakika mbili. Ulichelewa kivuko kizima.

Kuna adhabu nyingine inayokuja baadaye, wakati wa maua. Mbelewele za juu zinamwaga chavua kwa siku chache. Kila uzi wa ndevu za gunzi umeungana na punje yake moja, na uzi usioguswa na chavua hauzai punje. Mche uliochelewa unatoa ndevu wakati mbelewele za wenzake zimeshamaliza kazi. Ndiyo maana unamenya gunzi unakuta punje zimetawanyika kama meno ya mzee. Na kwa mahindi ya vuli, kuchelewa huko kunaweza kukukutanisha na ukame wa Januari.

Hasara yenyewe imepimwa. Mwaka 1991 watafiti wa vyuo vikuu vya Illinois na Wisconsin, Marekani, walichapisha majaribio ambayo sehemu ya miche katika mstari ilicheleweshwa makusudi. Miche ilipochelewa kwa siku kumi hivi, mavuno yalishuka kwa asilimia 6 hadi 9. Ilipochelewa kwa wiki tatu yalishuka kwa asilimia 10 hadi 22, kutegemea ni mingapi iliyochelewa. Mashamba yao yana mbolea nyingi na yamebanana kuliko yetu, kwa hiyo sikushauri uzichukue namba hizo kama zilivyo. Chukua mwelekeo. Kwenye ekari inayotoa gunia 15, asilimia 10 ni gunia moja na nusu, na huyo ni mtoto mmoja aliyelipiwa madaftari na sare.

Lawama zinazostahili

Ukitafuta mtandaoni habari za mahindi kuota kwa zamu, nusu ya maelezo yatakwambia ni baridi ya udongo. Ni kweli, huko yaliko. Mkulima wa Illinois anapanda Aprili udongo ukiwa na nyuzijoto 10 hivi, na mahindi yake yanaweza kukaa chini wiki mbili au tatu. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini iko karibu na ikweta, na wakati wa kupanda udongo wetu una joto la kutosha usiku na mchana. Baridi si ugomvi wetu. Kwetu mkosaji wa kwanza ni maji.

Mvua za huku hunyesha kwa vipande. Inapiga kilima hiki, kile cha jirani kinabaki na vumbi. Hata ndani ya shamba moja, mvua ya kwanza ya Oktoba inalowesha udongo kina cha vidole viwili mahali fulani na viganja viwili mahali pengine. Mkulima anaona mawingu, anaona harufu ya udongo imepanda, anapanda. Mbegu zilizoangukia palipolowa vizuri zinaota na kuchomoza siku ya sita. Zilizoangukia palipolowa nusu zinafyonza kidogo, zinasubiri. Nyingine zinaanza kuota halafu udongo unakauka zinakufa. Mvua ya pili inakuja baada ya siku kumi, zile zilizosubiri zinaamka, na wewe unapata shamba lenye rika mbili.

Kwa hiyo mvua nusu ni mbaya kuliko ukavu. Inashangaza, lakini ndivyo. Wanaopanda kabla ya mvua, kwenye udongo mkavu kabisa, mbegu zao zote hukaa kimya na kuamka pamoja siku mvua kubwa inapopiga. Hatari yao ni mvua ndogo ya kuzidanganya, na panya na mchwa wakati wa kusubiri. Kwa hiyo ukitaka kupanda kavu, panda kavu kweli na kina kiongezeke kidogo, kama sentimita 7. Ukitaka kupanda kwenye unyevu, usitazame juu ya udongo. Chimba. Unyevu ufike angalau sentimita 15, urefu wa kiganja kuanzia mwanzo wa mkono mpaka karibu na ncha za vidole. Finyanga udongo wa chini kabisa: ukishikamana, panda, ukimwagika kama unga, subiri. Mvua ya milimita 25 ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, na kwa kawaida hiyo inatosha kuanzia.

Mkosaji wa pili ni kina, na huyo anatoka mikononi mwetu. Kipimo kinachofaa kwa mahindi ni sentimita 5 hivi. Lakini shimo la kibarua wa asubuhi na shimo la kibarua wa mchana havifanani, na shimo la mtu mrefu halifanani na la mtoto. Mbaya zaidi ni kudondosha mbegu nyuma ya plau, jambo tulilolizoea sana Usukumani kwa sababu linaokoa siku. Ng'ombe wanatangulia, mtoto anafuata anadondosha, mzunguko unaofuata unafukia. Mbegu moja inaangukia ubavuni mwa mfereji, nyingine chini kabisa, nyingine inafunikwa na bonge la udongo lenye ukubwa wa tofali. Ya juu inatoka siku ya tano, ya chini siku ya tisa, na ya chini ya bonge inajikunja huko huko. Sisemi tuache ng'ombe. Nasema plau ilime, halafu mfereji mwepesi upitishwe upya kwa ajili ya kupandia, au yapandwe kwa jembe na kamba. Inakula siku moja zaidi.

Hapa kuna imani moja inayokataa kufa, kwamba ukipanda chini sana mizizi itakuwa mirefu na mahindi yatastahimili jua. Hapana. Ile shingo nyeupe inarefuka mpaka fundo la mche likae karibu sentimita 2 chini ya uso wa udongo, uwe umepanda sentimita 5 au 10. Mizizi mikubwa inatokea kwenye fundo hilo, si kwenye punje. Kupanda chini sana kunaichosha tu mbegu. Kinyume chake, kupanda juu juu, chini ya sentimita 3, ndiko kunakoharibu, kwa sababu fundo linakaa kwenye udongo unaokauka kwa siku moja, na mahindi yakikua yanalala upepo ukipiga.

Mkosaji wa tatu anategemea udongo ulio nao, na hapa wazee wetu walishamaliza kazi ya kuupa majina. Luseni, mchanga wa kwenye miinuko yenye mawe, unakauka upesi, na ukipandwa juu juu mbegu haziambulii kitu. Itogolo, ule wa kijivu unaogandamana, ukipigwa na mvua ya nguvu halafu jua likafuata unatengeneza ukoko juu, kama wa sufuria ya wali. Ala ya mche inagonga ukoko, inashindwa, jani linafunguka humohumo gizani na kujikunja kama nyaya. Ukiona siku ya nne au ya tano uso wa shamba umekuwa sahani, pita na tawi la miiba au reki kwa mkono mwepesi, uvunje ukoko tu, usifike kwenye miche. Halafu kuna mbuga, udongo mweusi. Una rutuba, lakini ukishiba maji unaifunga mbegu isipate hewa, na mbegu nayo inapumua. Siku mbili tatu za maji yaliyotuama kwenye joto hili zinatosha kuiozesha. Huko matuta si mapambo.

Mbolea ya kupandia nayo ina kesi. Tumezoea kifuniko kimoja cha soda cha DAP kwa shimo, na kiasi hicho hakina tatizo. Tatizo ni pale kinapomwagwa juu ya mbegu. Mbolea ya viwandani ni chumvi, na inaikamua mbegu maji kama chumvi inavyomkamua sangara wa kayabo. Urea ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inapoyeyuka inatoa hewa kali ya amonia inayounguza mzizi mchanga. Samadi ambayo haijaiva hufanya yanayofanana na hayo. Mbolea kwanza, udongo wa vidole vitatu juu yake, ndipo mbegu. Kibarua akiambiwa aharakishe, udongo huo wa katikati ndio wa kwanza kusahaulika.

Wadudu na wanyama nitapita haraka kwa sababu kila mtu anawajua: panya anayefuata mstari shimo kwa shimo kama aliyeajiriwa, kunguru na kwale wanaong'oa mche kutafuta punje, mchwa, na viwavi wa udongoni wanaokata shina usiku. Hawa wa mwisho huacha mche umelala chini umekatwa, kwa hiyo usiwachanganye na kutoota.

Sasa mbegu yenyewe

Nimeiweka mwisho makusudi. Haimaanishi haina makosa.

Mbegu iliyothibitishwa inakuja na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu. Soma aina, namba ya kundi na tarehe ya kupimwa, na ukipata tatizo hifadhi kifuko pamoja na lebo. Ukikichoma moto huna ushahidi. Rangi nyekundu au ya kijani kwenye punje si uthibitisho wa chochote. Ile ni rangi inayochanganywa na dawa ili watu wasile mbegu hiyo wala kuwapa kuku, na mlaghai naye anajua kununua rangi.

Asilimia ya uotaji kwenye lebo ina mtego wake. Inapimwa maabara, kwenye unyevu mzuri na joto zuri, na inakwambia ni mbegu ngapi zitaota. Haikwambii zitaota kwa kasi gani. Mbegu iliyokaa dukani chini ya bati la moto misimu miwili inaweza bado kuota nyingi, ila kila moja kwa siku yake, kwa sababu nguvu imepungua. Kwa hiyo jipimie mwenyewe wiki mbili kabla ya kupanda. Jaza beseni mchanga wenye unyevu, hakikisha lina matundu ya kutoa maji, panda punje 100 kwa kina cha sentimita 5. Hesabu zilizochomoza siku ya tano, hesabu tena siku ya nane. Ukipata 90 na 94, panda bila wasiwasi. Ukipata 55 na 90, mbegu ni hai lakini imechoka, na shambani itakupa rika mbili. Wengi hutumia kitambaa chenye maji. Si vibaya, ila kitambaani mbegu haisukumi udongo, kwa hiyo iliyo dhaifu nayo inafaulu.

Kuhusu kuzirudia punje za mahindi ya chotara uliyovuna mwaka jana: zitaota. Ila watoto wa chotara hawafanani na mama yao wala wao kwa wao, na shamba litakuwa na warefu kwa wafupi hata kama yote yalichomoza siku moja. Hilo ni tatizo jingine linalovaa nguo za tatizo hili.

Kuloweka mbegu usiku mmoja kabla ya kupanda ni mbinu halali na inasaidia zitoke pamoja, mradi uzianike kivulini zikauke juu, uzipande siku hiyohiyo, na udongo uwe na unyevu wa kweli. Ukiziloweka halafu ukazipeleka kwenye udongo mkavu, umezianzisha safari bila nauli. Na zilizopakwa dawa usiziloweke, maana dawa inabaki kwenye ndoo.

Shamba limeshaota hivyo, ufanyeje

Fukua kwanza. Nenda kwenye mapengo kumi ya sehemu tofauti, chimba taratibu kwa ncha ya panga, usome unachokikuta. Punje ngumu na kavu: maji hayakufika. Imevimba na inanuka: maji yalizidi au mbegu ilikuwa imekufa. Mche umejikunja chini ya udongo: ukoko au bonge. Mzizi umekuwa kahawia kwenye ncha na mbolea iko kando yake: unajua. Hakuna punje kabisa na kuna kashimo: panya, na pasipo na kashimo, huenda hakuna aliyedondosha kitu. Kwenye miche iliyotoka, pima ile shingo nyeupe kuanzia kwenye punje mpaka kwenye fundo, ongeza sentimita 2, hicho ndicho kina ulichopanda. Ukipima kumi ukapata 3, 9, 4, 7, kesi imeisha.

Halafu hesabu. Kama mistari yako ina nafasi ya sentimita 75, kata kamba ya mita 5.4. Urefu huo wa mstari ni sehemu moja ya elfu ya ekari. Ilaze, hesabu miche, zidisha kwa elfu. Aliyepanda sentimita 30 mche mmoja mmoja, au 60 miwili miwili, anatarajia 18 kwenye kamba. Rudia mahali kama kumi. Usihesabu ile iliyo nyuma ya wenzake kwa majani mawili au zaidi. Hiyo iandike pembeni. Angalia majani, usiangalie urefu, maana kivuli hudanganya urefu.

Ukipata 13 au 14 iliyo sawa, ondoka shambani kapalilie. Ukipata 9 kushuka chini na msimu bado una siku, fikiria kupanda upya eneo lote hilo, yaani kuling'oa lililopo. Wale watafiti wa Marekani waliona kwamba kama kuchelewa ni chini ya wiki mbili, kupanda upya hakuongezi hata asilimia 5, na kwa vuli zetu fupi nadhani faida hiyo ni ndogo zaidi. Bei ya mbegu ya pili unaijua mwenyewe.

Kinachoniudhi ni kurudishia. Wiki mbili baada ya kupanda, familia nzima inapita na jembe kuziba mapengo kwa punje mpya za mahindi. Ni kazi ya siku nzima ya kutengeneza miche iliyochelewa kwa makusudi. Kama unarudishia, iwe siku ileile unapoona wenzake wanachomoza, au siku mbili tatu mbele, si zaidi. Baada ya hapo, pengo kubwa lipe choroko au kunde. Choroko inakomaa kwa miezi miwili na kidogo, haigombanii jua la juu na mahindi, na soko lake Kanda ya Ziwa halihitaji kutafutiwa.

Urea ya kuwachangamsha waliobaki nyuma nayo haifanyi hivyo. Ukiirusha shamba zima, anayekula zaidi ni yule mwenye mizizi mikubwa, na tofauti inaongezeka. Weka mbolea ya kukuzia kwa wakati wa miche mingi, usiwasubiri wachelewaji.

Msimu uliopita mama mmoja tuliyekutana mnadani aliniuliza: "Sasa mwanangu, kwenye shimo kuna mkubwa na mdogo, nami nimezoea kuwaacha wote kwa huruma. Nimng'oe mdogo?" Ndiyo, mama. Wakiwa na majani matatu au manne, mkate mdogo usawa wa udongo badala ya kumvuta, usije ukamtingisha mwenzake mizizi. Akauliza, na yule mdogo aliyesimama peke yake katikati ya pengo, hana jirani hatua mbili kila upande? Huyo mwache. Pale alipo hana wa kumkalia juu.